Je, Wajua? Steringi Hafi, na Bashiri Nyingine za Wanafunzi Wasomao Riwaya

Je, wajua kuwa The Outsiders, riwaya ambayo wahakiki wengi huitaja wanapoeleza chimbuko la riwaya za vijana za leo, iliandikwa na msichana aliyekuwa bado sekondari? S. E. Hinton alianza kuiandika akiwa na miaka 15 mjini Tulsa, jimbo la Oklahoma, Marekani. Katika vitabu walivyoandikiwa vijana wa umri wake hakumwona mtu hata mmoja aliyefanana na wale aliokutana nao kila siku darasani na mitaani. Riwaya ilitoka 1967, naye ana miaka 18. Wachapishaji walimshauri atumie herufi za mwanzo badala ya jina lake, Susan, kwa kuhofia kwamba wahakiki wanaume wangekidharau kitabu cha magenge ya wavulana wakijua kimeandikwa na msichana. Na mwaka uleule aliokuwa akiiandika, katika somo la uandishi wa kubuni alipata D.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1980 wanafunzi wa shule ya Lone Star, karibu na Fresno, California, walimwandikia mwongozaji wa filamu Francis Ford Coppola kupitia mkutubi wao, saini zao zikiwa chini ya barua, wakimwomba akifanye kitabu hicho filamu. Walituma na nakala ya kitabu chenyewe. Coppola akakisoma, akakubali, na filamu ikatoka 1983, Tom Cruise akiwa miongoni mwa waigizaji wake kabla jina lake halijavuma.

Naanza na wanafunzi hao kwa kuwa walifanya jambo ambalo shule nyingi hulisahau pale riwaya inapogeuka kitabu cha mtihani: waliwachukulia wahusika kama watu wanaostahili kutetewa. Mwanafunzi anayebishana kuhusu mhusika na kuthubutu kusema nini kitatokea sura ijayo, huyo anasoma. Aliyekariri sifa tano za mhusika kutoka kwenye mwongozo bado hajaanza, hata kama karatasi yake itapata alama nzuri.

Steringi hafi

Yeyote aliyekulia jirani na kibanda cha video ana kanuni moja ya msuko aliyoipata bila mwalimu: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, gari lake litatumbukia mtoni, lakini filamu haijafika hata nusu, kwa hiyo atarudi. Watu wazima huicheka kanuni hii. Mimi naiheshimu. Anayeitamka ameona hadithi nyingi, ametambua mwenendo wake, kisha anautumia kupima hadithi ambayo hajaiona. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayesema kwamba fulani hatakufa kwa sababu ndiye anayesimulia, ameshafanya uhakiki wa nafsi ya msimulizi, ingawa msamiati wake bado hajaufikia.

Ndiyo maana riwaya inayoivunja kanuni hiyo huwasha moto darasani. Je, wajua kuwa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipigwa marufuku shuleni nchini Tanzania, na baadaye ikaruhusiwa na kusomwa katika shule zilezile? Ilitoka 1971, mwandishi akiwa kijana wa Ukerewe mwenye umri usiofika miaka 30. Humo msichana tunayemfuata tangu nyumbani kwao kijijini hadi chuoni haokolewi na mtu yeyote. Steringi anakufa.

Vikundi vya majadiliano hugawanyika hapo kila mara. Wapo wanaomshika Zakaria, baba mlevi na mkali, aliyempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Wapo wanaowataja wanaume wenye vyeo waliomtumia Rosa alipokuwa mbali na kwao. Wapo pia wanaosema, tena kwa sauti kali kuliko wote, kwamba Rosa alikuwa na akili zake na alichagua. Mabishano haya yana thamani kubwa kuliko jibu lolote lililochapishwa nyuma ya mwongozo, mradi pawepo mtu mmoja wa kuuliza: ukurasa gani? Ukirudi kwenye kile kipigo cha mwanzoni, utaona kwamba Kezilahabi hakuficha kitu. Aliweka mezani tangu kurasa za awali kwamba katika nyumba hii hofu ndiyo itakayolea mtoto, akamwachia msomaji kazi ya kukisia hofu hiyo itamfikisha wapi. Msichana wa kidato cha tatu anayesimama na kusema "mimi niliona itakuwa hivi, tangu ile barua" amesoma riwaya kwa undani kuliko wengi wenye shahada.

Ubashiri wenye gharama

Kubashiri mbele ya wenzako ni mchezo wa kale kwetu. Katika vitendawili, aliyeshindwa kufumbua huombwa mji, na hapewi jibu mpaka autoe. Mji wenyewe ni wa maneno tu, lakini aibu ya kuutoa ni ya kweli, na ndiyo inayomfanya mtoto afikiri kabla ya kufungua mdomo.

Walimu wa kusoma wa Marekani waliufikia mkondo huohuo kwa njia yao. Russell Stauffer, profesa wa Chuo Kikuu cha Delaware, alieleza mwaka 1969 utaratibu wenye hatua tatu: mwanafunzi abashiri, asome, kisha athibitishe. Maswali ya mwalimu ni machache. Unadhani nini kitatokea? Kwa nini unadhani hivyo? Na baada ya kusoma: nionyeshe mahali panapothibitisha au kukanusha ulichosema. Swali la pili ndilo lenye uzito. Bila hilo, kubashiri kunakuwa kupiga ramli.

Mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown walichapisha utafiti wao kuhusu wanafunzi wa darasa la saba walioweza kusoma maneno vizuri lakini hawakuelewa walichosoma. Waliwafundisha kufanya mambo manne kwa kupokezana, kila mmoja akikaa kwenye kiti cha mwalimu kwa zamu: kufupisha, kuuliza, kufafanua palipo na giza, na kubashiri kinachofuata. Uelewa wao ulipanda kwa kiasi kikubwa. Tazama kwamba kubashiri kumo katika orodha ya mambo manne tu. Watafiti hao hawakukuweka kama kiburudisho cha mwisho wa kipindi, kwa maana huwezi kusema kitakachotokea kama hujaelewa kilichokwisha kutokea.

Muongo mmoja baadaye, mwaka 1994, Harvey Daniels wa Chicago akaeneza vikundi vidogo vya usomaji, kila mwanafunzi na kazi yake: huyu wa maswali, yule wa kuchora, mwingine wa kuchagua vifungu vya kusomwa kwa sauti. Vilipendwa mno. Lakini Daniels mwenyewe baadaye alionya kwamba karatasi za majukumu zilikuwa zimeanza kuua mazungumzo: wanafunzi walisoma walichoandika, wakamaliza, wakanyamaza. Namheshimu kwa kusema hivyo kuhusu kazi iliyompa jina.

Ugonjwa huo tunao. Kikundi cha diskasheni kinakaa chini ya mti, wahusika wanagawanywa, kila mmoja anaandika sifa za wake, mwishoni daftari zinanakiliwa. Zakaria: mlevi, mkali, hana malezi bora. Basi. Hakuna aliyeuliza kama Zakaria aliwahi kumpenda mtoto wake.

Jina linapotoa siri

Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa mapema kuchunguza majazi, ile mbinu ya kumpa mhusika jina linalofanana na tabia yake. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, mshtakiwa ni Karama na anayemshtaki ni waziri Majivuno. Kesi haijaanza kusikilizwa, nawe unajua usimame upande gani.

J. K. Rowling hutumia mbinu hiyohiyo kwa Kilatini. Katika kitabu cha tatu cha Harry Potter, cha mwaka 1999, anaingia mwalimu mpya aitwaye Remus Lupin, mpole, mwenye nguo kuukuu, anayeugua kila mwezi. Remus ni mmoja wa mapacha wa ngano za Roma walionyonyeshwa na mbwa mwitu jike, na Lupin linatokana na jina la Kilatini la mnyama huyo. Msomaji aliyezoea kupekua majina anamshuku mwalimu huyo kitambo kabla ya ule usiku wa mwezi mpevu anapogeuka.

Je, wajua kuwa fumbo lingine la Rowling lilivuja kupitia tafsiri? Mwishoni mwa kitabu cha sita, kilichotoka Julai 2005, Harry anakuta barua iliyotiwa saini R.A.B. Wasomaji wengi walikisia kuwa ni Regulus, ndugu yake Sirius Black. Ubashiri ulikuwa na hoja nzuri, kwa kuwa Regulus alikuwa ametajwa mapema kama mtu aliyejiunga na adui kisha akataka kujitoa. Kisha wakaja wasomaji wa lugha nyingine. Katika toleo la Kidachi, ambalo ukoo wa Black huitwa Zwarts, saini ilikuwa R.A.Z. Katika la Kinorwe, ambalo ukoo huo huitwa Svaart, ilikuwa R.A.S. Herufi moja ilitosha. Kitabu cha saba kilipotoka tarehe 21 Julai 2007, walioweka tafsiri hizo kando kwa kando walikuwa wameshajua jibu.

Katika miaka hiyo miwili mjadala mkubwa zaidi ulimhusu Severus Snape, mmoja wa walimu wa Harry: msaliti, au mtu mwema aliyevaa ngozi ya msaliti? Duka moja kubwa la vitabu Marekani liligawa vibandiko kwa pande zote mbili. Kinachofanya mjadala huo ufae darasani hadi leo ni kwamba ushahidi wa pande zote ulikuwa katika tukio lilelile. Dumbledore, mwalimu mkuu wa shule hiyo, akiwa hoi, anamsihi Snape, ambaye kisha anamuua. Je, anamsihi asimuue, au anamsihi amuue? Maneno hayabadiliki. Kinachobadilika ni unavyomfahamu Dumbledore kutokana na vitabu vitano vilivyotangulia, na hapo ndipo mwanafunzi aliyesoma anapotengana na aliyesikia. Yupo mtu mmoja aliyekuwa na fununu tangu mapema: Alan Rickman, mwigizaji wa Snape, ambaye Rowling alimnong'oneza jambo moja dogo kuhusu mhusika huyo ili ajue namna ya kumcheza. Rickman aliitunza siri hiyo kwa miaka.

Wahusika wenyewe wanapokisia vibaya

Kipo kitabu kimoja ambacho, ingawa ni tamthiliya, siwezi kukiruka. Kwa miaka mingi wanafunzi wa sekondari Tanzania wamesoma Orodha ya Steve Reynolds. Binti aitwaye Furaha anafariki kwa UKIMWI akiacha barua isomwe siku ya maziko yake, na inavumishwa kwamba ndani yake mna orodha. Wanaume wa kijiji wanaanza kutetemeka. Kila mmoja anajua, au anadhani anajua, ni majina ya nani yaliyoandikwa humo, na wengine wako tayari kufanya lolote barua isisomwe.

Msomaji anabashiri pamoja nao, kwa ushahidi uleule walio nao, anaanguka pamoja nao. Barua inaposomwa, orodha haina majina ya watu. Ni orodha ya mambo ambayo kama Furaha angeyapata mapema, pengine angekuwa hai. Nikiulizwa nianze na kitabu gani kumfundisha kijana kwamba ubashiri mbovu hutokana na dhamiri zetu kuliko maandishi yaliyo mbele yetu, nitataja hiki.

Na mpelelezi je? Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari, alianza kufumbua mafumbo katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda shindano la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapishwa 1960. Wahakiki humlinganisha na Sherlock Holmes, na kufanana kupo: kiko mdomoni, rafiki wa kumsikiliza, jicho lisilopitwa na kitu. Herufi za jina Msa ndizo herufi za mwanzo za majina matatu ya mwandishi. Riwaya hizi zinafaa sana kusomwa kwa kusimama njiani: funga kitabu kabla ya sura ya mwisho, kila mmoja aandike jina la mhalifu na ushahidi wake, karatasi zikunjwe zihifadhiwe, kisha endeleeni.

Wasomaji waliomwandikia mwandishi

Je, wajua kuwa wasichana wa Marekani wa mwaka 1868 walijaribu kupanga ndoa za wahusika? Louisa May Alcott alitoa sehemu ya kwanza ya Little Women mwaka huo. Mchapishaji wake alikuwa ameziona sura za mwanzo zimepooza, mpaka mpwa wake, msichana mdogo, aliposoma akacheka hadi machozi. Kitabu kikauzika upesi, na barua zikaanza kumiminika: ndugu wale wanne wataolewa na nani? Zaidi ya yote, je, Jo ataolewa na Laurie, kijana jirani? Alcott alikasirika kwamba wasichana waliona kuolewa kuwa ndiyo shabaha pekee ya maisha ya mwanamke. Aliandika katika shajara yake kwamba hatamwoza Jo kwa Laurie ili kumfurahisha mtu yeyote. Sehemu ya pili ilipotoka 1869, Jo aliolewa na profesa wa Kijerumani, mtu mzima, asiye na fedha. Zaidi ya miaka 150 imepita na wasomaji bado hawajapatana kuhusu ndoa hiyo. Mimi niko upande wa Alcott, lakini wanaompinga wana hoja: walibashiri kwa kufuata dalili ambazo yeye mwenyewe alizipanda.

Charles Dickens hakuwa mgumu kama yeye. Mwaka 1861 alibadilisha mwisho wa Great Expectations kwa ushauri wa rafiki yake, mwandishi Edward Bulwer-Lytton, na mwisho wa kwanza, ambao Pip na Estella wanaachana kabisa, haukuonekana na umma mpaka Dickens alipokwisha kufa. Darasa linaweza kupewa miisho yote miwili na kuulizwa ni upi ambao kitabu chenyewe kiliuahidi.

Robert Louis Stevenson naye alianza Treasure Island mwaka 1881 huko Braemar, Uskoti, mvua ikiwa imewafungia ndani, baada ya kuchora ramani ya kisiwa pamoja na mtoto wake wa kambo, Lloyd. Sura zilisomwa kwa sauti kadiri zilivyoandikwa. Mtoto alitoa amri kwamba wanawake wasiwemo. Babu, yaani baba yake Stevenson, akaorodhesha vitu vilivyomo katika sanduku la haramia mmoja, na orodha yake ikaingia kitabuni. Wasomaji wa Kiswahili wanaijua hadithi hiyo kama Kisiwa Chenye Hazina, tangu 1929.

Mwisho ulioachwa wazi

Lois Lowry alichapisha The Giver mwaka 1993, na mwaka uliofuata ikapata Nishani ya Newbery. Wazo lilitokana kwa sehemu na baba yake mzee aliyekuwa akipoteza kumbukumbu, kiasi cha kusahau kwamba bintiye mkubwa alikwisha kufa. Lowry akajiuliza: ingekuwaje kama jamii nzima ingeondolewa kumbukumbu za maumivu? Mwishoni kijana Jonas, akiwa na mtoto mchanga, anateremka kilima chenye theluji kwa kigari cha kuteleza kuelekea taa na muziki. Kitabu kinaishia hapo.

Amefika? Amekufa kwa baridi na haya ni maono ya mwisho? Au amezunguka na kurudi alikotoka? Watoto walimwandikia Lowry kwa maelfu wakidai jibu, naye kwa miaka mingi alikataa, akishikilia kwamba kila msomaji ana mwisho wake. Halafu mwaka 2004, katika kitabu kiitwacho Messenger, akatokea kiongozi kijana mwenye macho ya rangi hafifu ambaye msomaji makini anamtambua mara moja. Mwaka 2012 akafunga mfululizo kwa Son. Wapo walimu wanaovificha vitabu hivyo vya baadaye mpaka darasa limalize kubishana, nami nawaunga mkono. Mwanafunzi aliyeamini kwamba Jonas alikufa anapaswa kwanza kuitetea imani hiyo kwa dalili za kitabu cha kwanza, na dalili zipo: baridi, njaa, na kumbukumbu anazoziita ili apate joto.

Ukijua mwisho, utamu unaisha?

Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa wasomaji wapatao 800 hadithi fupi 12, nyingine za mafumbo, nyingine zenye mgeuko wa ghafla mwishoni. Baadhi waliambiwa mwisho kabla ya kusoma. Kinyume cha tulivyozoea kudhani, hao ndio waliozifurahia zaidi. Mwaka 2015 Benjamin Johnson na Judith Rosenbaum wakachapisha matokeo yaliyoelekea upande mwingine: walioambiwa mwisho walifurahia pungufu, na taharuki ikapungua. Kwa hiyo mzozo wa bwenini kati ya aliyemaliza kitabu na asiyetaka kuambiwa haujaamuliwa na sayansi.

Kwetu swali hili si la burudani peke yake. Mtahiniwa wa Kenya anayesoma riwaya teule kwa ajili ya KCSE mara nyingi ameshaujua mwisho kabla ya ukurasa wa kwanza: ameona vikundi vya maigizo vikiicheza, amenunua mwongozo, kaka yake alishaisoma. Kisha mtihani unampa dondoo na kumtaka aeleze muktadha wake: nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa nini. Anaweza kulijibu hilo bila kupatwa na taharuki hata mara moja. Inaniuma, kwa kuwa waandishi wenyewe waliijenga taharuki hiyo kwa jasho. Ken Walibora alipoandika Siku Njema, iliyotoka 1996, alimtoa Kongowea Mswahili Tanga na kumpeleka Kenya kumtafuta baba yake, na kila kituo cha safari ile kimewekwa ili msomaji ajiulize: atampata? Na akimpata, atapokelewaje? Katika Kidagaa Kimemwozea, iliyotoka 2012, kijana Amani aliibiwa mswada, na mswada wenyewe unaitwa Kidagaa Kimemwozea. Mwanafunzi akiligundua hilo mwenyewe atasisimka, na ataanza kukitazama kitabu alichokishika kwa jicho jingine. Akiligundua kwenye mwongozo atalipigia mstari tu.

Lakini kwa mwanafunzi ambaye ameshaujua mwisho, kazi bado ipo. Na arudi nyuma kutafuta kisengere mbele: mwandishi alikudokezea wapi? Huko ni kubashiri kwa kinyumenyume, na hakuhitaji kuficha chochote.

Kesi isiyo na hukumu

Je, wajua kuwa George Bernard Shaw aliwahi kuwa kiongozi wa wazee wa baraza katika kesi ya mhusika wa riwaya? Dickens alifariki tarehe 9 Juni 1870 akiwa ameandika nusu tu ya The Mystery of Edwin Drood, sehemu 6 kati ya 12 zilizokusudiwa. Kijana Edwin ametoweka, mjomba wake John Jasper anashukiwa, na mwandishi hayupo wa kuulizwa. Januari 1914, mjini London, waandishi waliamua kumshtaki Jasper kwa mauaji. G. K. Chesterton alikuwa jaji. Mashahidi walisimama kizimbani kama wahusika, wakahojiwa kwa saa kadhaa. Shaw na wenzake wakatoa uamuzi wa kuua bila kukusudia, Chesterton akawatoza faini watu wote waliokuwamo, isipokuwa yeye mwenyewe, kwa kuidharau mahakama. Mwaka 1985 riwaya hiyohiyo iligeuzwa mchezo wa muziki New York, na kila usiku watazamaji walipiga kura kuamua muuaji ni nani. Waigizaji walilazimika kujifunza miisho mingi.

Kesi ya namna hiyo inaweza kufanyika katika darasa lolote lenye madawati na nakala chache za riwaya. Mweke Zakaria kizimbani kwa yaliyompata bintiye. Gawa darasa: waendesha mashtaka, watetezi, mashahidi, wazee wa baraza. Sharti liwe moja, na lisimamiwe bila huruma: shahidi haruhusiwi kusema lolote ambalo halimo kitabuni, na kila jibu litajwe na ukurasa wake. Vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha kwa mashtaka na utetezi, kimoja kwa hukumu. Shahidi wa kwanza aitwe Regina, mama yake Rosa.